Utumbo Mpana wa Darasa la Nne

Mwalimu wa sayansi wa darasa la nne aliitwa Bwana Nukta. Wanafunzi waliomwita hivyo walidhani halijui jina hilo, naye aliwaacha waendelee kudhani. Alilipata kwa haki. Vipindi vyake vyote vilikuwa imla: yeye akisoma, wao wakiandika, na kila sentensi ilipoisha aliitamka alama yake. "Chakula husagwa mdomoni, nukta. Mate hukilainisha, koma, kisha hushuka kwenye umio, nukta." Alikuwa mtu mrefu mwembamba, shati limenyooshwa pasi hata nzi aliogopa kutua, na darasani mwake palikuwa na utulivu ambao walimu wenzake waliuonea wivu, mpaka pale walipochungulia dirishani na kuona unatokana na nini. Nusu ya darasa ilikuwa imesinzia. Nusu nyingine ilikuwa inaandika, lakini kwa macho ya mtu anayesubiri basi.

Haikuwa kwamba hawapendi watoto. Aliwapenda, na sayansi aliipenda zaidi, ila alikuwa na imani moja tu: kwamba jambo likiandikwa sawasawa limeeleweka.

Basi mwalimu mkuu, mama mfupi mwenye kicheko kirefu, akarudi kutoka semina. Akawakusanya walimu ofisini, akawaeleza kwamba sasa muziki, uchoraji na maigizo havitakuwa tena vya kusubiri Ijumaa mchana watoto wakiwa wamechoka. Vitaingia ndani ya masomo yenyewe, hesabu, sayansi, lugha, yote. Akauliza nani angependa kuanza. Walimu wote wakaanza kuvichunguza viatu vyao kana kwamba wamevivaa leo. Bwana Nukta peke yake alikuwa anatazama nje ya dirisha, akifikiria jambo lingine kabisa, na huo ndio ukawa mwanzo wa msiba wake.

"Tutaanza na wewe, Mwalimu," alisema mwalimu mkuu.

"Mimi, Mkuu? Mimi ni mtu wa sayansi."

"Ndiyo maana. Wale wa lugha wanaimba hata bila kutumwa."

"Mkuu, mimi sijui kuimba. Na sisemi kwa unyenyekevu. Nikiimba watu huulizana nani ameumia."

Mwalimu wa hesabu, jirani yake wa darasa na rafiki yake wa chai, akaona asimwache mwenzake bila shahidi. "Ni kweli, Mkuu. Kwenye harusi ya karani tulimwomba apige makofi tu. Na makofi nayo yakakosea."

"Basi amepata pa kujifunzia," alisema mwalimu mkuu. "Mwisho wa mwezi wazazi wanakuja. Nitawaketisha hapa, watazame darasa la nne likionyesha mmeng'enyo wa chakula kwa sanaa."

Bwana Nukta alirudi nyumbani siku hiyo kama mtu aliyeandikiwa dawa chungu. Mke wake alikuwa mkunga wa kituo cha afya, na jioni aliimba kwaya, sauti ya pili, ile inayoshikilia wenzake wasipotee. Aliposikia habari yenyewe alicheka hadi akaiweka chini sahani aliyokuwa anaifuta, isije ikavunjika bure.

"Haya, baba watoto," alisema alipopata pumzi. "Toa sauti hii." Akatoa sauti moja nyororo, akaivuta kidogo, akaikata.

Mume akajaribu.

"Hapana. Ile yangu."

Akajaribu tena, safari hii akiwa amefumba macho.

"Hiyo ni ya nani?"

"Si ndiyo hiyo yako?"

"Yangu haijawahi kufika huko. Irudishe ulikoitoa."

Binti yao wa sekondari, aliyekuwa akisoma mezani, alikusanya vitabu vyake, akaenda chumbani, akafunga mlango kwa adabu zote. Bwana Nukta akautazama mlango ule. Mke wake akamwona uso, akaacha mzaha, akavuta kiti karibu naye.

"Kwani nani kasema uimbe wewe? Mimi akina mama siwazalii. Nakaa pembeni, nawaambia pumua, nawaambia sukuma, na mtoto anakuja. Waache watoto wazae wimbo wao. Wewe angalia tu wimbo usizaliwe na kasoro."

"Na wakikosea?"

"Utawasahihisha. Si ndiyo starehe yako hiyo?"

Kesho yake akaingia darasani, akasimama mbele ya ubao, akasafisha koo.

"Leo tutaimba, nukta."

Mtoto mmoja wa dawati la mbele akafungua daftari na kuandika: Leo tutaimba. Wenzake wakamwiga.

Ilimbidi aeleze upya, tena mara kadhaa, kabla hawajaamini kwamba si mtego. Aliwasomea sentensi zake kama kawaida, kisha akawaambia wazipe sauti wanayoitaka. Hapo ndipo darasa lilipoamka. Kulikuwa na msichana mmoja ambaye tangu darasa la kwanza hakuna aliyemsikia akinyamaza. Mama yake alikuwa mpiga chapa, na watu walisema mashine ya mama imehamia kwa mtoto. Huyu ndiye aliyeanza. Alipiga dawati kwa viganja, akaimba: "Mdomo husaga, husaga, nukta. Meno ya mbele, meno ya nyuma, nukta." Darasa zima likadaka.

"Ngojeni," alisema Bwana Nukta. "Nukta haiimbwi. Ile ni alama."

"Lakini mwalimu, bila nukta wimbo haukai."

"Jaribuni bila nukta."

Wakajaribu. Kweli haukukaa. Wimbo ulichechemea kama meza yenye mguu mfupi, na hata yeye, ambaye masikio yake yalikuwa yamekosa baraka ya muziki, aliusikia ukichechemea. Akaangalia dari. Akasema, "Haya, irudisheni." Upande wa pili wa ukuta mwalimu wa hesabu akagonga, kwanza kwa hasira, halafu baada ya muda akawa anagonga kwa mapigo yaleyale.

Baada ya wimbo ikaja shughuli ya kugawana viungo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Bwana Nukta alidhani watoto watachagua kwa utaratibu. Alisahau kwamba alikuwa anafundisha watoto. Darasa zima lilitaka kuwa Mdomo, kwa sababu Mdomo anaanza, Mdomo anasema, Mdomo anapewa mkate. Mwishowe binti wa mpiga chapa akaupata kwa haki ya kelele. Mtoto wa muuza nyama akawa Ini, akafurahi sana. Marafiki wawili wasioachana wakawa Umio, wameshika kitambaa kirefu kilichoshonwa kama bomba. Wavulana wa nyuma, wale waliopenda kugonga vitu, wakawa Tumbo na madebe yao. Kundi zima la wasichana likashikana mikono na kujipinda darasani likawa Utumbo Mwembamba. Mdogo kuliko wote akavikwa boksi akawa Mkate. Yote yalikwenda isipokuwa kiungo cha mwisho. Alipotaja utumbo mpana, na kazi yake, na kinachopita humo, darasa likaangua kicheko na kila mtoto akaificha mikono yake chini ya dawati.

Siku hiyo binti wa msusi hakuwepo. Alikuwa amepelekwa kung'olewa jino. Alikuwa mtoto mtulivu, wa kukaa pembeni ya dirisha, ambaye mwalimu akiita majina huitika kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Bwana Nukta akatazama kiti kilicho wazi, akatazama kiungo kilichobaki, na akafanya hesabu nyepesi ambayo watu wazima huifanya kila siku bila kuona haya. Aliporudi shule shavu likiwa limevimba, mtoto akaambiwa kwamba yeye ndiye Utumbo Mpana. Akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa mdomo ulikuwa bado unauma.

Lakini nyumbani alikokwenda kulieleza jambo hilo palikuwa na midomo mingine.

Msusi alifika shuleni saa ya chai, bado ana chanuo limechomekwa kichwani, akasimama mlangoni mwa ofisi ya walimu. Hakupaza sauti. Watu wanaopaza sauti Bwana Nukta aliwazoea. Huyu alizungumza polepole, kama anayefumua nywele zilizosukwa vibaya na mwingine.

"Mwalimu, nimemtuma kwako mtoto. Nimemchana, nimempaka mafuta, nimemfungia kitambaa cheupe. Amerudi kwangu utumbo."

"Mama, ni igizo tu la somo."

"Najua ni igizo. Na mtoto wa mpiga chapa ni nini?"

"Ni Mdomo."

"Ehe. Na wa muuza nyama?"

"Ini, mama."

"Ini. Mwenzake ini, wangu ndiye wa kubeba..." Akatazama vikombe vya chai mezani, akaona si adabu kumalizia. "Mpe hata pafu."

"Mapafu hayamo katika somo hili. Hili ni la chakula."

"Muweke. Atakaa pembeni apumue."

Mwalimu wa hesabu alizamisha uso ndani ya kikombe. Bwana Nukta akaanza kueleza, kwa sentensi zilizokamilika, kazi ya utumbo mpana katika kufyonza maji, na jinsi viungo vyote vinavyotegemeana, koma, na kwamba hakuna kiungo kilicho bora kuliko kingine, nukta. Msusi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kama hakuna kilicho bora, kwa nini hiki kilibaki?" Akageuka akaondoka, na chanuo lake kichwani.

Swali hilo lilimkaa Bwana Nukta kooni mchana kutwa.

Na msusi naye hakuwa mtu wa kukaa na neno. Kiti chake cha saluni kilikaliwa na nusu ya mtaa, na mtu akisukwa hana la kufanya ila kusikiliza. Kufikia kesho yake mama mmoja wa Umio alitaka kujua kwa nini mwanawe ni bomba tu. Mwingine wa Utumbo Mwembamba akauliza kama ule wembamba ni kejeli, maana binti yake alikuwa mnene. Aliyeridhika alikuwa muuza nyama peke yake. Alipita shuleni makusudi, akampa mwalimu mkono, akasema, "Ini, Mwalimu, hunifikia saa moja asubuhi, saa mbili limekwisha. Umejua kuchagua."

Jioni Bwana Nukta alimweleza mke wake kila kitu, akitumaini kuhurumiwa. Mkunga hakumhurumia.

"Na jibu la swali lake ni lipi? Kwa nini kilibaki?"

"Kwa sababu hakuna aliyekitaka."

"Na kwa nini alipewa yeye?"

Mwalimu akakuna shingo. "Kwa sababu hakuwepo."

"Basi nenda kamwambie hivyo. Usimpelekee utumbo, amekwisha kuusikia. Mpelekee hilo."

"Saluni? Wakiwepo wateja?"

"Ameaibishwa mbele za watu, wewe utamwomba radhi chumbani?"

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Jumamosi asubuhi Bwana Nukta alionekana akisukuma pazia la shanga la saluni, shati limenyooka, akaingia katika harufu ya mafuta ya nywele na maneno yaliyokatika ghafla. Wanawake wanne walikuwa ndani. Kwenye kiti kikubwa alikaa shangazi mmoja wa mtaa, mnene, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Binti wa msusi alikuwa chini kwenye mkeka, anatenganisha mafungu ya nywele za kusukia na kumpasia mama yake.

"Karibu, Mwalimu," alisema msusi bila kugeuka. "Unasuka au unanyoa?"

Wanawake wakacheka. Kichwa cha Bwana Nukta kilikuwa na nywele za kuhesabika.

"Nimekuja kujibu lile swali," alisema. Alibaki amesimama, kwa sababu hakuna aliyempa kiti. "Kiungo kile kilibaki kwa kuwa watoto walikicheka. Na mwanao alipewa kwa kuwa hakuwepo siku hiyo, na mimi nikaona ni rahisi. Sikufikiri zaidi ya hapo. Samahani, mama."

Mikono ya msusi ikasimama. Alikuwa amejiandaa kwa mengi, si kwa hilo.

"Unajua, Mwalimu," alisema baadaye, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "mtoto huyu kila mahali hupewa kilichobaki. Nguo iliyobaki, kiti kilichobaki. Kwa kuwa hasemi. Ningefurahi siku moja achague yeye."

"Basi achague. Nitambadilisha na yeyote atakayemtaja."

Wote wakamtazama mtoto. Akazidi kuinamia mafungu yake ya nywele. "Mimi naupenda," alisema.

"Unapenda nini?" aliuliza mama yake.

"Utumbo mpana. Hakuna anayeugombania. Na nimeshatunga ubeti wangu."

Kabla mtu hajasema neno, shangazi wa kwenye kiti akaguna, mguno mzito uliotoka mbali. "Mwalimu, hebu nieleze mimi. Huyu utumbo mpana akigoma kazi, mtu anakuwaje?"

Bwana Nukta akaona haya, lakini sayansi ni sayansi. "Mtu anakosa choo, shangazi. Tumbo linajaa, usingizi unapotea."

"Na hamu ya kula?"

"Nayo inakwenda."

"Jamani ni mimi huyo," alisema shangazi, akiwageukia wenzake kadiri nywele zilivyomruhusu. "Tangu mwanzo wa wiki namtafuta, simwoni. Mdomo ninao, mzima kabisa, mnausikia. Umenisaidia nini? Angepita hapa huyo utumbo mpana sasa hivi ningempigia magoti." Akamwangalia mtoto kwenye mkeka kwa heshima ya kweli. "Mwanangu, shika hiyo kazi. Nchi haiendi bila wewe."

Saluni nzima ilicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Msusi alijizuia kwa muda, akibana midomo, kisha naye akashindwa, akaegemea bega la shangazi na kutikisika. Alipojifuta macho akamwita binti yake, "Hebu imba huo ubeti."

Mtoto akaimba kwa sauti ndogo, iliyonyooka kama uzi: "Maji yote leteni kwangu, nikaushe polepole. Mwenye haraka asubiri nje."

"Asubiri nje," alirudia shangazi kwa huzuni. "Anasema kweli."

Bwana Nukta akapewa kiti, na soda. Alipoondoka msusi alikuwa amekwisha kuamua kwamba kama mwanawe ni utumbo, basi atakuwa utumbo wenye heshima zake. Wiki hiyo, kati ya mteja na mteja, alisuka. Alichukua mafungu ya nywele za rangi ya kahawia, akayachanganya na vitambaa vilivyobaki kwa fundi cherehani, akatoa msuko mmoja mnene kama mkono wa mtu mzima na mrefu wa kuzunguka darasa. Wateja walisaidia kwa zamu. Watoto walipouona siku ya mazoezi, hakuna aliyecheka. Mdomo aliuliza kama anaweza kuushika kidogo. Binti wa msusi akamruhusu, kidogo.

Siku ya wazazi ikafika. Madarasa mawili yalifunguliwa kizuizi cha katikati yakawa ukumbi, madawati yakapangwa, wazazi wakabanana, magoti yao yamekaribia videvu. Mkunga alikuja na sare yake ya kazi. Mwalimu mkuu akatoa hotuba fupi iliyokuwa ndefu. Kisha darasa la nne likajipanga: Mdomo mbele mlangoni na meno yake ya karatasi ngumu, Umio nyuma yake, Tumbo na madebe, Ini pembeni amevaa nyekundu, wale wasichana wamejipinda katikati, na kuwazunguka wote, msuko mkubwa wa kahawia, na binti wa msusi ameushika ncha.

Mkate akajongea na boksi lake, akasimama mbele ya Mdomo. Mdomo akapaswa kuanza.

Hakuanza. Msichana ambaye hakuna aliyewahi kumsikia amenyamaza alitazama zile nyuso zote, akaona baba yake, akaona shangazi zake wawili waliokuja kutoka mbali, na meno ya karatasi yakafungana. Mkate akasubiri. Akayagonga yale meno ya karatasi kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi. Hakuna kitu. Kwenye ukumbi watu wakaanza kukohoa, na mpiga chapa akaanza kutikisa midomo kumkumbusha mwanawe maneno, jambo ambalo lilizidi kumtisha.

Wa kuokoa jahazi alikuwa binti wa msusi, ila aliliokoa kwa njia yake. Hakuujua ubeti wa Mdomo kama alivyoujua wake. Akaanza na wake, kutoka mwisho wa mstari, kwa ile sauti iliyonyooka: maji yote leteni kwangu. Watoto waliposikia wimbo umeanza walishukuru, wakadaka. Na Mkate, ambaye mazoezini aliambiwa neno moja tu, kwamba aufuate wimbo, akamzunguka Mdomo, akakimbia na boksi lake hadi mwisho wa mstari, akaingia kwa Utumbo Mpana. Kutoka hapo, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine, akaanza kurudi. Wasichana waliojipinda wakaimba ubeti wao, wakampitisha. Ini akamwaga nyongo. Madebe yakalia. Umio wakamvuta kwa shida, kwa sababu bomba lao lilikuwa limeshonwa kwa kushuka na si kwa kupanda, na Mkate akachomoza upande wa mbele, boksi limepinda, akampiga Mdomo kikumbo kutoka nyuma na kuangukia miguuni mwa mwalimu mkuu.

Yule shangazi wa saluni, aliyekaa safu ya pili, akasema kwa sauti ya mtu anayejua magonjwa, "Ametapika huyu."

Kicheko kilichofuata kilivuka hadi barabarani. Mdomo uso ulimjaa machozi. Na hapo Bwana Nukta, aliyekuwa amesimama pembeni akiomba ardhi ipasuke, akamwona mtoto yule, na akaona pia jinsi binti wa msusi alivyoanza kuuachia msuko, polepole, akidhani ameharibu. Hakufikiri. Angefikiri, asingefanya. Alipiga hatua hadi katikati, akasema, "Nukta," kama anavyosema kila siku, na darasa lote likatulia kwa mazoea. "Tunarudi mwanzo."

Kisha akaimba.

Aliimba ubeti wa Mdomo wote, peke yake, mikono imenyooka ubavuni. Mke wake alijifunika uso kwa viganja. Mwalimu wa hesabu alitazama dari kama mtu anayekadiria kama litahimili. Ile sauti ilianzia mahali, ikaenda pengine, ikapotea njia, ikaulizia, ikarudi na mtu mwingine. Lakini maneno yote yalikuwa sahihi. Binti wa mpiga chapa alimkodolea macho mwalimu wake, mtu wa imla na mikunjo ya pasi, akiimba mbele ya wazazi namna ile, na bega lake likaanza kutikisika. Akabana. Akashindwa. Akacheka, meno ya karatasi yakafunguka, na yakishafunguka hayakujua tena kufungwa. "Siyo hivyo, mwalimu," alisema mbele ya watu wote, na akaudaka ubeti kutoka mikononi mwake.

Safari hii Mkate alishuka kama inavyopasa. Alisagwa, alivutwa, alipigiwa madebe, alimwagiwa nyongo, akazungushwa, na mwisho akafika kwa Utumbo Mpana, ambaye hakumharakisha. Aliimba ubeti wake mara mbili. Kwenye "asubiri nje" safu ya pili yote iliitikia. Msusi hakuitikia. Alikuwa amekaa wima kabisa, mikono mapajani, anatazama kana kwamba akipepesa macho kitu kitapotea.

Baada ya hapo watu walikunywa chai uwanjani na kila mtu akawa mtaalamu. Muuza nyama aliwaeleza wenzake kwamba bila nyongo ya mwanawe hakuna ambacho kingesagika. Mkunga alimfuata mume wake penye bomba la maji, alikokwenda kujificha.

"Nilikuambia usiimbe wewe," alisema.

"Uliniambia."

"Sauti ile uliitoa wapi?"

"Sijui."

Akamrekebisha kola, ambayo haikuwa na tatizo. "Usiirudishe bado," alisema, kisha akaenda kutafuta chai.

Jaribio la mwezi halikuleta muujiza. Wengi walifanya vizuri kuliko zamani, wachache walibaki walipokuwa, na mtoto mmoja, alipotakiwa kutaja viungo kwa mfuatano, aliandika mdomo, nukta, umio, nukta, akiamini kwa dhati kwamba nukta ni sehemu ya mwili. Bwana Nukta alilitazama jibu hilo muda mrefu. Akampa nusu alama, kwa kuwa kosa halikuwa la mtoto peke yake. Kipindi cha imla hakukiacha kabisa pia. Alisema mkono nao unahitaji kula, na chakula chake ni kuandika.

Siku moja wakati wa mapumziko alipita nyuma ya madarasa na kuwakuta watoto wa darasa la pili wakiruka kamba. Waliokuwa wakizungusha kamba walikuwa wake, wa darasa la nne, na wimbo ulikuwa ule. Akasimama nyuma ya nguzo asionekane. Walifika kwenye ini, wakatoka kwenye ini, wakaingia moja kwa moja utumbo mwembamba. Kongosho halikutajwa. Bwana Nukta akajiambia aache, ni mchezo, watoto wanacheza. Akageuka aende zake. Akafika kwenye kona. Akarudi.

"Na kongosho liko wapi?" aliuliza.

Kamba ikasimama. Binti wa msusi, aliyekuwa ameshika ncha moja, ndiye aliyejibu. "Halitoshi, mwalimu. Tumelijaribu. Likiingia, anayeruka anajikwaa."

"Haliwezi kukosekana. Linafanya kazi."

"Basi litafutie nafasi," alisema mtoto, na hakuonekana kuomba radhi hata kidogo.

Kengele ilipolia watoto wakakimbilia darasani. Mwalimu wa hesabu, akipita na chaki zake, alimkuta rafiki yake ameketi kwenye ngazi za darasa, anapiga goti kwa kiganja, midomo inatembea. Kongosho naleta, kongosho naleta. Akatikisa kichwa, akaacha, akaanza upya kwa mpigo mwingine. Mwalimu wa hesabu alisimama kidogo, akasikiliza, kisha akaketi kando yake.

"Nadhani," alisema, "ukianza na 'ko' kabla mguu haujatua, litaingia."